Asilimia 30 ya Ziwa Tanganyika: mwandishi wa sayansi aandike au asubiri?

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hapa Kigoma yalizuka mabishano ambayo mpaka leo hayajaisha. Mwaloni nilisikia malalamiko kwamba mvuvi anabebeshwa peke yake lawama ya kupungua kwa samaki ilhali ziwa lenyewe linazidi kupata joto. Habari za joto hilo, kwa sehemu, wamezipata kwetu sisi tunaoandika fizikia kwa Kiswahili. Ndipo lawama ikatugeukia: kwa nini mnawapa wananchi mambo ambayo wataalamu wenyewe hawajakubaliana? Andikeni yaliyothibitika, tunaambiwa, mengine yaacheni maabara mpaka yaive.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba nyutrino, yaani chembe ndogo mno zinazopenya hata ardhi, zilizotoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, zilifika maabara ya Gran Sasso nchini Italia nanosekunde 60 (sehemu 60 za bilioni za sekunde) mapema kuliko ambavyo mwanga ungefika. Safari hiyo ni ya kilomita 730 chini ya ardhi, ndefu kidogo kuliko ziwa letu kutoka Burundi hadi Zambia. Vyombo vya habari vikauliza kama Einstein, ambaye nadharia yake inasema hakuna kinachoushinda mwanga kwa kasi, alikosea. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba kiungo cha kebo ya kupitishia mwanga hakikukazwa sawasawa. Aliyesoma habari ya kwanza huenda hakuiona ya pili. Na kama aliiona, pengine aliondoka akiamini kwamba wanasayansi hubahatisha. Mwandishi aliyesubiri hakuwa na cha kusahihisha.

Hata hivyo, tangazo lenyewe lilisema nini? Watafiti wale hawakudai kwamba wamemshinda Einstein. Walisema wametafuta kosa wakalikosa, wakawaomba wenzao duniani wawakague. Aliyeandika hivyo, kwamba hawa wamekwama na wanaomba msaada, aliandika kweli tupu siku ileile, na kebo ilipopatikana habari yake haikuharibika hata kidogo. Walioumbuka ni wale walioondoa shaka iliyokuwemo ili kichwa cha habari kipendeze.

Turudi ziwani, maana hapa ndipo kusubiri kunapogharimu watu. Mwaka 2003 timu ya watafiti ilichapisha katika jarida la Nature makala iliyosema kwamba joto limepunguza uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani, yaani vijimea vya kijani vinavyoelea majini, kwa takriban asilimia 20, na kwamba upungufu huo unaashiria kushuka kwa mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30. Namba hii ya pili ndiyo iliyotembea. Imetajwa mikutanoni, imetajwa redioni, na kwa kawaida hutajwa kana kwamba kuna mtu aliyesimama mwaloni akahesabu samaki.

Nikiwa Kibirizi nilimweleza namba hiyo mama mmoja anayeanika dagaa kwenye vichanja. Aliendelea kuwageuza kwa kiganja, akiokota majani na kutupa pembeni, kisha akauliza: "Hao samaki waliwahesabuje, mwanangu?"

Hawakuwahesabu. Ile asilimia 20 ilitokana na kaboni iliyohifadhiwa kwenye mashapo ya chini ya ziwa, ambayo tabaka zake huonyesha hali ya miaka iliyopita. Asilimia 30 ikapatikana kwa hesabu, kwa kutumia uhusiano unaojulikana kati ya wingi wa chakula cha msingi na wingi wa samaki katika maziwa. Ni hesabu ya maana, lakini ni makadirio yaliyosimama juu ya makadirio mengine. Nilipomweleza hivyo, mama yule hakukata tamaa na sayansi. Aliuliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: sasa mtajuaje kama ni joto au ni nyavu?

Swali hilohilo ndilo wataalamu walikuwa wakibishania. Mwaka 2006 watafiti wengine waliolifanyia kazi ziwa hili walijibu kwamba takwimu za samaki wanaovuliwa zinaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya hali ya hewa. Mwaka 2016 ikaja kazi nyingine ya mashapo: mabaki ya samaki yalianza kupungua sambamba na joto, kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri katikati ya karne iliyopita. Kazi hiyo haikuuondolea uvuvi mchango wake. Kutoka 2003 hadi 2016 ni miaka 13. Anayetutaka tusubiri alitaka watu wa Katonga, Ujiji na Kibirizi wakae gizani muda wote huo, huku ziwa lao likijadiliwa kwa Kiingereza?

Tena shaka hiyo haigusi kila kitu. Fizikia ya msingi haina mgogoro. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na kilindini joto ni nyuzi 23 na ushei, wakati juu hufika 26 au 27. Tofauti ni ndogo, lakini maji vuguvugu hubadilika uzito haraka yanapoongezeka joto: tofauti kati ya nyuzi 25 na 26 ni zaidi ya mara kumi ya ile iliyopo kati ya nyuzi 5 na 6. Kwa hiyo maji ya juu hukaa juu ya mazito kama mafuta ya taa yanavyokaa juu ya maji. Virutubisho vimelala chini, ambako oksijeni hakuna, na kinachovipandisha ni upepo. Msimu wa kusi upepo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini ya chini yakainuka kujaza nafasi. Joto la juu likiongezeka, upepo uleule hufanya kazi ndogo zaidi. Hapo ndipo dagaa anapoingia, na mgebuka anayemla dagaa.

Hayo mtu anaweza kuyaandika leo bila kutetemeka. Kinachobishaniwa ni kiasi gani cha upungufu ni cha joto na kiasi gani ni cha taa za uvuvi na nyavu, na hicho nacho kiandikwe kama kinachobishaniwa.

Ofisa mmoja wa uvuvi aliwahi kunieleza hofu yake bila kuficha: mvuvi akisikia "joto", atatumia neno hilo kukwepa kila sheria. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu nimesikia neno hilo linavyotumika. Lakini hoja ikifuatwa hadi mwisho inaelekea kwingine. Ziwa linalozalisha kidogo kwa sababu ya joto haliwezi kuvumilia uvuvi uleule lililouvumilia zamani. Joto likiwa kweli, sababu ya kupumzisha ziwa inaongezeka. Mvuvi atalijuaje hilo kama tumemnyima nusu ya kwanza ya maelezo? Tukinyamaza, atasikia neno "joto" kwa mtu mwingine, likiwa limekatwa mkia.

Ninapokubaliana na wanaotaka tusubiri ni kwenye taarifa fupi. Ndani ya nusu dakika ya redio, kati ya bei za mazao na matokeo ya mpira, hakuna nafasi ya kueleza mashapo, makadirio na wanaopinga. Hapo asilimia 30 isitajwe kabisa. Isemwe kwamba maji ya juu yanapata joto na kuchanganyika kunapungua, na msikilizaji aelekezwe kwenye kipindi kirefu. Na kwenye kipindi kirefu, mtafiti wa 2003 na mpinzani wake wa 2006 watajwe pamoja, kisha simu zifunguliwe kwa watu wa mwaloni, kwa sababu wanauliza maswali ambayo sisi waandishi tungepaswa kuwauliza watafiti mapema.