Dunia imewahi kuwa na joto kuliko hili. Kisha?

Mjadala wa mabadiliko ya tabianchi haufiki mbali kabla mtu hajasema kwamba hali ya hewa ya dunia imekuwa ikibadilika tangu kale na kale, hata kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Wanaoamini suala zima limetiwa chumvi hutulia hapo, wakidhani kesi imekwisha. Wenye hofu nao humwona msemaji kuwa mbumbumbu au kibaraka wa wenye visima vya mafuta. Kwangu, kauli hiyo ni kweli tupu, na ndiyo maana inastahili kusomwa hadi mwisho. Miamba, mashapo ya bahari (tope lililotuama sakafuni) na barafu ya kale vina mengi ya kusema, na upande wowote utakaovisikiliza kwa makini utakuta kuna jambo la kuuchoma.

Tuanze kwa kumpa msemaji haki yake. Kati ya miaka milioni 720 na milioni 635 iliyopita, dunia iliganda mara mbili kwa vipindi virefu. Mawe yaliyoburutwa na barafu yanapatikana leo ndani ya miamba ambayo alama zake za sumaku zinaonyesha ilifanyika karibu na ikweta. Ruka hadi miaka milioni 50 iliyopita, nako utakuta kinyume chake: ncha za dunia hazina barafu ya kudumu, na katika Kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, wanaishi jamaa wa mamba na kobe ambao visukuku vyao vimechimbuliwa huko. Hewa ukaa, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayozuia joto lisitoroke angani, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha leo. Barafu kubwa ya Antaktika, ambayo wengi huifikiria kuwa ya milele, ilianza kujikusanya miaka takriban milioni 34 tu iliyopita.

Kwa hiyo anayeandika kwamba joto la sasa halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe anasema uongo, hata kama nia yake ni njema. Rekodi zinazovunjwa kila mara ni za vipimajoto, ambazo kwa dunia nzima zinaanzia mwaka 1850 hivi. Kadhalika, ile kauli ya kwamba tunaiua sayari haina mguu wa kusimamia. Sayari yenye umri wa miaka bilioni 4.5 imepita katika mambo makubwa kuliko haya na bado inazunguka jua. Kutia chumvi namna hii kunawapa wapinzani ushindi wa bure, na sijui kwa nini watu wenye hoja nzuri wanaendelea kukufanya.

Sasa tuisome historia hiyo hiyo mbele zaidi. Hakuna badiliko hata moja kati ya hayo lililotokea hivi hivi. Jua lilikuwa hafifu zamani na linaongeza mwanga polepole mno. Mabara yanasogea, yanabadilisha njia za mikondo ya bahari. Mwelekeo wa mhimili wa dunia na umbo la njia yake kuzunguka jua hubadilika kwa mizunguko ya takriban miaka 23,000, 41,000 na 100,000. Mserbia Milutin Milanković alipiga hesabu zake kwa kalamu na karatasi, na mwaka 1976 mashapo ya chini ya bahari yakaonyesha kwamba zama za barafu zilikuja na kuondoka kwa midundo hiyo hiyo. Na karibu kila mahali katika simulizi hii, hewa ukaa ipo. Ndiyo iliyoiyeyusha dunia ile iliyoganda: volkano ziliendelea kuitoa kwa mamilioni ya miaka huku miamba iliyofunikwa na barafu ikishindwa kuifyonza, mpaka joto likarudi.

Hapa pana jambo ambalo hunifurahisha kidogo. Mswidi Svante Arrhenius, aliyekokotoa mwaka 1896 kwamba kuongezeka maradufu kwa hewa ukaa kungepandisha joto la dunia kwa nyuzi 5 hadi 6, hakuanza kwa kuogopa moshi wa viwanda. Alikuwa anatafuta jinsi zama za barafu zilivyotokea. Yaani nadharia ya gesijoto (gesi zinazozuia joto, kama hewa ukaa), ambayo leo inapingwa kwa kutaja mabadiliko ya kale, ilizaliwa katika juhudi za kuyaeleza mabadiliko hayo hayo.

Wapinzani makini wana jibu, na si la kupuuzwa. Wanasema: katika kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya barafu ya Antaktika, joto hupanda kwanza, hewa ukaa hufuata baada ya miaka mamia kadhaa; basi hewa ukaa ni matokeo, si chanzo. Vipimo vya awali vilionyesha hivyo kweli, ingawa uchambuzi wa baadaye umepunguza sana pengo hilo. Lakini Antaktika si dunia nzima. Utafiti wa mwaka 2012 uliounganisha kumbukumbu za joto kutoka sehemu 80 duniani ulionyesha kwamba wakati zama za mwisho za barafu zinakwisha, wastani wa joto la dunia kwa sehemu kubwa ulifuata hewa ukaa. Picha inayopatikana ni hii: msukumo wa kwanza unatoka kwenye mwelekeo wa mhimili na mikondo ya bahari, bahari inatoa hewa ukaa, kisha hewa hiyo inasukuma joto mbele zaidi na kulisambaza. Inaweza kuwa matokeo na chanzo kwa wakati mmoja. Tena mabadiliko ya mhimili na njia ya dunia peke yake hayagusi sana jumla ya nishati inayopokewa kwa mwaka. Ukiiondoa hewa ukaa na weupe wa barafu unaorudisha mwanga angani, huwezi kupata tofauti ya nyuzi 5 au 6 iliyoitenga dunia ya miaka 21,000 iliyopita na ile ya kabla ya viwanda.

Hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote upande wa wanaotilia shaka inahusu kasi. Tunaambiwa mara kwa mara kwamba joto halijawahi kupanda haraka hivi. Barafu ya Greenland inasema vingine. Katika zama za mwisho za barafu, zaidi ya mara 20, joto la pale lilipanda kwa ghafla, wakati mwingine kwa nyuzi 10 au zaidi, ndani ya miongo michache. Hakuna kiwanda kilichohusika. Na lipo tatizo jingine, la vipimo vyenyewe: tabaka moja la mashapo ya kale linaweza kubeba maelfu ya miaka. Jumla ya mvua ya mwaka haikuambii kama ilinyesha kidogo kidogo au ilimwagika yote kwa wiki moja. Vivyo hivyo, ruko la joto la miaka mia moja lililotokea miaka milioni 200 iliyopita linaweza kusawazishwa ndani ya tabaka likaonekana kama kilima cha taratibu. Kulinganisha kasi ya miaka 150 iliyopimwa kwa vipimajoto na kasi iliyosomwa kwenye mwamba ni kazi ya kufanywa kwa tahadhari, na wanaharakati wengi hawana tahadhari hiyo.

Hata hivyo hoja hiyo ina mipaka. Miruko ya Greenland ilihusu hasa mgawanyo wa joto: Atlantiki ya kaskazini ilipopata joto kwa ghafla, Antaktika ilielekea kupoa. Wastani wa dunia ulisogea kidogo tu. Leo kaskazini na kusini, nchi kavu na bahari, vinapata joto kwa pamoja. Na kuhusu hewa ukaa hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu barafu imefungia viputo vya hewa yenyewe ya kale. Kumbukumbu ya Antaktika ya miaka 800,000 inaonyesha hewa ukaa ikipanda na kushuka kati ya takriban chembe 180 na 300 katika kila chembe milioni za hewa. Kabla ya viwanda ilikuwa 280. Sasa imepita 420. Mruko wa asili wa haraka zaidi uliosomwa kwenye barafu ya zama za mwisho ulikuwa wa chembe 14 ndani ya miaka 55. Siku hizi kiasi hicho kinaongezeka kwa miaka 5 au 6.

Tukitaka kisa cha kale kinachofanana na chetu, wanajiolojia wengi hutaja miaka milioni 56 iliyopita. Kaboni nyingi iliingia hewani na baharini, joto la dunia likapanda kwa nyuzi 5 hadi 6. Maji ya bahari yakawa na asidi kiasi kwamba chokaa ya vilindini iliyeyuka na kuacha tabaka la udongo mwekundu, na viumbe wadogo wengi wa sakafu ya bahari wakatoweka. Hapa lile tatizo la tabaka limepata dawa kiasi. Kama kaboni ingemwagika kwa ghafla, joto lingechelewa nyuma yake, kwa kuwa bahari huchukua muda kupata moto. Katika mashapo ya New Jersey, Marekani, alama ya kaboni na alama ya joto zinapanda pamoja, na kutokana na hilo watafiti walikadiria kwamba kaboni iliingia kwa muda usiopungua miaka 4,000, kwa kasi ya takriban moja ya kumi ya yetu. Dunia ilijiponya, ndiyo. Mvua ilimomonyoa miamba, miamba ikafunga kaboni, bahari ikarudi hali yake. Ilichukua zaidi ya miaka 100,000.

Kuhusu nani anaipandisha hewa ukaa leo sitakaa sana, maana ubishi huo umebaki mdogo. Volkano hutoa chini ya asilimia 1 ya kile tunachotoa sisi. Nguvu ya jua imepimwa kwa setilaiti tangu 1978 na haijapanda. Kaboni inayoongezeka hewani ina alama ya isotopu (aina za atomi za kaboni zenye uzito tofauti) ya mimea ya kale, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Ubishi wenye maana uko kwenye kiasi: hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto litapanda kwa nyuzi ngapi? Katika swali hili historia ya dunia imewabana wenye misimamo mikali wa pande zote mbili. Kama tabianchi ingekuwa ngumu kusukumika, zama za barafu zisingeelezeka. Kama ingekuwa laini kupita kiasi, zama hizo zingekuwa na baridi kali kuliko ile inayoonekana kwenye mashapo. Jopo la kimataifa la wanasayansi, IPCC, lilipotoa tathmini yake ya mwaka 2021, lilitumia ushahidi huo wa kale pamoja na vipimo vya sasa kupunguza upana wa makadirio hadi kati ya nyuzi 2.5 na 4. Anayesema tabianchi imebadilika mara nyingi anasema pia, bila kukusudia, kwamba inasukumika.

Kinachobaki bila jibu kamili, na ambacho naona ndicho kingepaswa kuchukua nafasi ya ubishi wa zamani, ni barafu na bahari. Miaka milioni 3 hivi iliyopita hewa ukaa ilikuwa karibu na kiwango cha sasa, na usawa wa bahari ulikuwa mita kadhaa juu zaidi, pengine zaidi ya 10. Tofauti kati ya bahari ile na ya leo ni deni la barafu ambayo haijapata muda wa kuyeyuka. Litalipwa kwa kasi gani? Miaka 14,600 iliyopita bahari ilipanda kwa zaidi ya mita 10 ndani ya miaka isiyofika 500. Wanaotaka kutuliza watasema, kwa haki, kwamba wakati huo barafu kubwa ilifunika Amerika ya Kaskazini, na barafu hiyo haipo tena. Wenye hofu watajibu, nao kwa haki, kwamba sehemu kubwa ya barafu ya Antaktika Magharibi imekalia ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji yenye joto yanaweza kuifikia kwa chini.