Maine inatafuta wafanyakazi, na wafanyakazi wanakatazwa kufanya kazi

Ukiulizia kazi Portland, jimbo la Maine, huambiwi hakuna. Nyumba za kutunzia wazee zinatafuta wasaidizi, na hoteli za pwani zinatafuta wa kutandika vitanda kila kiangazi. Hili ndilo jimbo lenye wakazi wenye umri mkubwa kuliko majimbo yote ya Marekani. Lakini Mkongomani, Mwangola au Mrundi aliyeomba hifadhi hapa anakaa miezi sita au zaidi mikono ikiwa mitupu. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumezoea kinyume chake: watu tele, kazi ya kutafuta kwa tochi.

Gharama ya kumkalisha mtu bure inaonekana dukani. Msaada wa manispaa haulipwi taslimu, ni voucha, tena kila voucha na shughuli yake. Mama anapofika kwa keshia inabidi atenganishe: mchele, maharage na mafuta huku, sabuni na nepi kule, kwa sababu voucha ya chakula hailipi sabuni. Jimbo linaurudishia mji asilimia 70 ya fedha hizo, nyingine zinatoka kwa walipa kodi wa mji wenyewe. Mama huyohuyo angeweza kulipwa mshahara na kukatwa kodi.

Kizuizi hiki hakikuwekwa na Maine. Kimo katika sheria ya uhamiaji ya taifa ya mwaka 1996: kibali cha kazi hakitolewi kabla ya siku 180 tangu ombi la hifadhi lipokelewe. Kanuni zikaongeza kwamba fomu ya kibali, I-765, isipelekwe kabla ya siku ya 150. Mwaka 2023 Maine ilipitisha sheria ya kuiomba serikali kuu iwasamehe waombaji hifadhi wa jimbo hili kungoja siku hizo, na msamaha haukupatikana. Nia ilikuwa njema, ila mlango uliobishwa haukuwa wenyewe. Siku 180 ziliandikwa na Kongresi, na ofisi ya uhamiaji haina mamlaka ya kufuta kilichoandikwa na Kongresi. Miswada ya seneta Susan Collins na mbunge Chellie Pingree, wote wa Maine, ndiyo iliyolenga penyewe: siku 30 badala ya 180. Haikupita.

Tena siku 180 za kwenye karatasi si 180 za kalenda. Zinahesabiwa kwa saa ya mahakama, na saa hiyo husimama kila ucheleweshaji unapohesabiwa kuwa umetoka kwa mwombaji. Ukiomba kesi iahirishwe ili utafute wakili, inasimama. Usipokwenda kupigwa alama za vidole, inasimama. Aliyeingilia Texas akahamia Maine lazima aombe kesi yake ihamishiwe mahakama ya uhamiaji ya Massachusetts inayosikiliza kesi za Maine, na hapo ndipo wengi wanapopoteza siku bila kujua. Kwa hiyo I-589, fomu ya kuomba hifadhi, ipelekwe mapema, ikiwa kamili, na nakala yenye muhuri wa mahakama itunzwe kama cheti cha kuzaliwa. Ukihama nyumba, fomu ya anwani ifike mahakamani ndani ya siku 5. Barua ya tarehe ya kesi ikienda anwani ya zamani, unaweza kuamriwa kuondoka nchini bila wewe kuwepo. Hati za Kiswahili au Kifaransa ziende na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko na saini ya mtafsiri.

Nyumbani je? Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na makazi kama Nakivale yamegawa viwanja vya kulima. Viwanja vimepungua ukubwa na ajira ni haba, hilo nalijua, lakini hakuna anayekatazwa jembe. Tanzania mambo ni mengine. Kambi ya Nyarugusu hutoki bila kibali, na anayelima shamba la mwenyeji wa Kasulu hulima kwa kujificha. Anayejificha hapangi bei. Hali hiyohiyo iko Marekani kwa anayeosha vyombo usiku akisubiri karatasi: akipunjwa, atamshtaki nani?

Na sasa kungoja kuna bei. Sheria ya Julai 2025 iliweka ada kwa kibali cha kwanza cha mwombaji hifadhi, ambacho zamani kilikuwa bure: kwa kuanzia dola 550, na ombi la hifadhi lenyewe dola 100, kisha 100 nyingine kila mwaka kesi ikiwa bado haijaamuliwa. Hakuna msamaha kwa asiyenacho. Mamia ya dola anadaiwa mtu ambaye sheria za nchi hiyohiyo zimemkataza kuchuma hata moja. Maine ikirudi Washington kuomba mageuzi, na lazima irudi, ada hii iombewe kufutwa pamoja na zile siku 180. Mkifupisha siku mkaiacha ada, yule mama wa voucha atabaki dirishani siku ya 31, fomu mkononi, hana cha kulipia.