PyYAML, Niachie Saa Yangu!

Wenzangu mnaoandika programu hapa Mombasa, nyinyi mnalala? Mteja wangu wa Mwembe Tayari hufunga duka saa mbili unusu usiku. Naandika 20:30 kwenye faili la mipangilio, kwa YAML, muundo wa kuandika mipangilio kwa maandishi. PyYAML, maktaba ya lugha ya Python ya kusomea YAML, yasoma nini? 1230! Ati imezidisha 20 kwa 60, ikajumlisha 30. Nani kakutuma hesabu?

Namba za simu ndiyo balaa lenyewe. Ikianza na 0 na tarakimu zote hazizidi 7, inahesabiwa kwa msingi wa nane badala ya kumi, inatoka namba ya mwezini. Ikiwa na 8 au 9 ndani, inaachwa salama. Kwa hivyo wateja wengine wapata ujumbe, wengine patupu. Haya, kamweleze mwenye duka! Na msimbo wa nchi ya Norwei, NO, wasomwa kama "no" ya Kiingereza, wageuka false, yaani "si kweli". Nchi nzima, na samaki wake!

Haya yalirekebishwa kwenye YAML 1.2, mwaka 2009. 2009, yakhe! PyYAML ingali kwenye 1.1. Toleo lake la 6.0 likaja 2021, nikashangilia. Kumbe jipya ni kwamba yaml.load, amri ya kusoma faili, haiendi bila kutaja Loader, yaani kisomaji cha kutumia, skripti za zamani zote chali. (Ni usalama, najua, faili ovu lingeweza kuendesha amri. Lakini 20:30 yangu je?)

Ukikimbilia TOML, muundo mwingine wa mipangilio, Python 3.11 ina maktaba ya tomllib: yasoma, haiandiki!

Basi tumebaki na alama za nukuu, ili kitu kisomwe kama maandishi tu. Saa, nukuu. Simu, nukuu. Norwei, nukuu. Kesho nitatia nukuu jina langu mwenyewe, na bado nitalikagua mara mbili.