Mishono 60 ya nini? Cherehani ya kompyuta ikifika Mtwara

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini, na ana kishamba cha mikorosho alichoachiwa na mama yetu upande wa Tandahimba. Malipo ya korosho yalipoingia, alinitumia picha kwenye simu: cherehani nyeupe, ndogo kama begi la safari, ina kioo cha namba na maandishi makubwa "mishono 60". Chini yake akaandika: "Dada, nichukue hii au Butterfly?"

Butterfly ni ile nyeusi ya kukanyaga. Swali lake si la kujibu kwa neno moja. Mimi nashonea barazani Magomeni kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga, miaka mingi sasa, na mwaka jana niliazimwa ya kompyuta nikakaa nayo miezi mitatu. Mafundi wenzangu wengi wanaiita toy la watoto. Mabinti wanaotazama video mitandaoni wanaona yangu ndiyo ya kupeleka makumbusho. Wote wamekosea, ila hawakukosea sawa.

Kwanza hilo neno kompyuta lisimtishe mtu, wala lisimpandishie bei. Kwenye mashine ya umeme ya kawaida inayopiga zigizaga, mshono hutokana na vyuma au plastiki zilizochongwa, zinazosukuma sindano kushoto na kulia. Kwenye hii, kazi hiyo hufanywa na bodi inayoamrisha vimota vidogo. Basi. Wala si jambo la jana: Singer walitoa cherehani ya kielektroniki ya nyumbani, Athena 2000, mwaka 1975.

Na hiyo mishono 60? Katika miezi yangu mitatu nilitumia saba. Mshono wa kawaida, zigizaga, wa nguo inayovutika, wa kuzuia kitambaa kisichambuke, wa upindo usioonekana na aina mbili za matundu ya vifungo. Iliyobaki ni maua, mioyo na bata wanaofuatana mstarini. Niliwapiga bata hao kwenye nepi moja ya mjukuu, tukacheka, yakaishia hapo. Tena katika hesabu ya mishono watengenezaji huingiza na aina za matundu ya vifungo, saba peke yake kwenye mashine kama Brother CS6000i. Ukisikia muuzaji anaanza na idadi ya mishono, mwache amalize, kisha muulize mambo mengine.

Nilichokikosa niliporudisha ile mashine ni vitu viwili ambavyo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia.

Cha kwanza ni kwenda polepole bila kupoteza nguvu. Mashine nyingi za umeme za bei ndogo, ukikanyaga kidogo zinanguruma tu bila kusogea, ukiongeza zinaruka kama mbuzi. Ya kompyuta iliyo nzima inaingiza sindano moja, inasimama, inaingiza nyingine, na kwenye kitambaa kinene haikwami. Ina na kitufe cha kuamua sindano isimame chini au juu. Kwenye ncha ya kola hilo ni jambo kubwa. Sindano ikisimama ndani ya kitambaa unainua mguu unaobana, unazungusha nguo, unashusha, unaendelea, na kona inatoka kali. Kwa nyeusi yangu ninafanya vilevile, lakini kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono na kubana pumzi. Mkono wangu umezoea. Wa mwalimu anayeshona Jumamosi tu haujazoea.

Cha pili ni matundu ya vifungo. Unakipachika kifungo chenyewe nyuma ya ule mguu maalumu, mashine inachukua kipimo chake na kupiga tundu la saizi hiyo, na la pili na la tano yanafanana na la kwanza. Cherehani nyeusi inapiga mshono ulionyooka tu. Matundu ya mashati ya sare mimi huyapiga kwa mkono usiku, au nawapelekea wenye mashine za zigizaga na kulipia.

Kuna na kitufe cha kuiendesha bila kukanyaga chochote. Kwa mtu mwenye miguu ya kuuma hicho peke yake kinatosha kubadilisha uamuzi.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo mafundi wenzangu wana hoja. Gesi ya Mnazi Bay inachimbwa hapa kwetu, bomba la Madimba linaipeleka mpaka Dar es Salaam, lakini mtaani kwangu umeme ukikatika umekatika. Ukikatika mimi nasogeza kiti dirishani nakanyaga. Mdogo wangu atasubiri. Na kinachoua bodi zaidi si kukatika, ni ule mshtuko wa kurudi. Anayenunua mashine hii aweke na hela ya stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, pembeni, na radi ikianza kunguruma achomoe plagi.

Lipo kosa jingine la umeme, baya zaidi. Mashine nyingi zinazosifiwa mitandaoni, ikiwemo hiyo CS6000i, zimetengenezewa soko la Marekani, volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Jirani yangu aliletewa moja na ndugu kutoka nje, akaichomeka kwa adapta ya plagi, ile inayobadilisha umbo la meno tu. Ilitoa harufu kabla hajatunga uzi. Kibandiko kiko karibu na tundu la plagi, kisome kabla ya kusoma bei. Kikisema 220–240V na 50Hz, endelea. Kikisema 120V utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na kwa bei ya vyote viwili heri utafute nyingine.

Halafu matengenezo. Cherehani nyeusi ikigoma, dawa yake ni bisibisi, mafuta na mkanda, na fundi wake yuko kila kata. Bodi ikiungua huku kwetu hairekebishwi, inabadilishwa, na ya kubadilishia itafutwe Dar, zaidi ya kilomita 500, ikiwa ipo. Mazoea nayo yanaponza. Siku ya tatu nilishika kopo la mafuta nikataka kuipaka kama ninavyoipaka yangu kila Ijumaa. Bahati nilifungua kitabu kwanza: mtumiaji asitie mafuta, wala asitumie bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, yoyote isipokuwa ya plastiki yenye kimo cha milimita 11.5. Bobini zangu za chuma zinafanana nayo kwa macho, na mtu angeweza kuitumbukiza moja bila kujua. Sindano, nashukuru, ni zilezile za nyumbani zenye ubapa upande mmoja.

Tuje kwenye kuijaribu, maana humo ndimo watu wanamochezewa. Muuzaji ana kitambaa chake cha kuonyeshea, pamba ngumu, mikunjo miwili. Kwenye hicho hata mashine mbovu inashona vizuri. Nenda na vyako. Chukua kipande cha jinzi chenye mshono wa ubavuni, kikunje kama upindo wa suruali, pitisha sindano namba 100, ile nene, pale mishono inapokutana, polepole kabisa. Ikisimama na kulia, umeshajua. Chukua kipande cha deraa, kile kitambaa laini kinachoteleza, uone kama hakimezwi na meno ya chini. Chukua na uzi unaoutumia nyumbani, si wa dukani kwake. Geuza kila mshono utazame mgongo wake. Ukiona vitanzi, mwambie arekebishe kazo la uzi mbele yako. Akishindwa yeye, wewe utaweza? Piga matundu matatu ya vifungo mfululizo, uyaweke moja juu ya jingine. Mwisho muulize ikiharibika inapelekwa wapi. Dhamana ya mwaka mmoja inayotaka uisafirishe nje ya nchi siihesabu kuwa dhamana.

Binti aliyemaliza VETA, anayetaka kufungua kibanda na kushona kutwa nzima msimu wa likizo, sare za unyago zikirundikana, nisingemwacha ainunue. Hizi ni za nyumbani, vitabu vyake vyenyewe vinasema hivyo, na kutwa ya kazi ya barazani si ya nyumbani. Huyo achukue nyeusi, ovaloki, ile mashine inayokata na kuziba ukingo wa kitambaa, ifuate. Maana hata ile zigizaga ya kompyuta haifanyi kazi ya ovaloki, haikati ukingo.

Mdogo wangu ni mwingine. Anashona Jumamosi, sare za wanawe, madera mawili matatu ya majirani, na kinachomshinda ni hasa kola na vifungo. Nimemwambia achukue ya kompyuta, lakini ya mishono 20 au 30 ikiwa mota yake ni nzuri kuliko ya hii ya 60, na tofauti ya bei iende kwenye stebilaiza na bobini.

Jumamosi tunakwenda wote dukani Chikongola. Kwenye pochi ana mguu wa jinzi kuukuu la mumewe, nusu mita ya deraa na uzi wake. Muuzaji amekubali tuiwashe. Ameomba tu tusije jioni, umeme wake huwa mdogo.