Hekalu la Bodh Gaya: kuabudu pamoja sawa, ila funguo akae nazo nani?

Kule Bodh Gaya, jimbo la Bihar nchini India, kuna hekalu la Mahabodhi, ndo pale Wabudha wanaamini Buddha alipata mwangaza akiwa amekaa chini ya mti. Mfalme Ashoka alijenga la kwanza karne ya 3 kabla ya Kristo, hili la matofali linaloonekana leo ni la karne ya 5 au 6. Mwaka 2025 watawa wa Kibudha waligoma kula wakidai sheria ya 1949 ifutwe, maana inaweka kamati ya Wabudha 4 na Wahindu 4, mwenyekiti ni mkuu wa wilaya, na zamani ilisema kabisa mwenyekiti lazima awe Mhindu, kifungu hicho kimebadilishwa 2013 tu juzi.

Watawa wana hoja nzito jamani. Misikiti wanasimamia Waislamu, makanisa Wakristo, sasa mahali patakatifu kuliko pote kwa Wabudha dunia nzima wenyewe wanakosaje neno la mwisho? Na dai hili ni la zamani, Anagarika Dharmapala wa Sri Lanka alifika hapo 1891 akakuta hekalu liko mikononi mwa mahanti, yaani mkuu wa watawa wa Kihindu wanaomwabudu mungu Shiva, akapambana hadi anafariki 1933 hajaona lolote likibadilika.

Ila Wahindu nao hawakuja kuvamia jana. Ubudha ulififia India, hekalu likabaki bila wenyewe, watawa wa Shiva wakaweka makao hapo tangu mwishoni mwa karne ya 16. Kwa Wahindu wengi Buddha ni mungu wao Vishnu aliyekuja kwa umbo jingine, na wanaokwenda Gaya kuwafanyia ibada wazee wao waliokufa wengi wanapitia na hapo kwenye mti. Mama katoka kijijini kwao kumwombea marehemu baba yake, utamfukuza kwa lipi?

Mi naona watu wanachanganya mambo mawili. Mseto wa ibada ulikua wenyewe miaka mingi, mseto wa viti vya kamati umetungwa na wanasiasa. Halafu hiyo ya Buddha kuwa Vishnu ni imani ya upande mmoja, Wabudha hawaikubali, sasa huwezi kumwambia jirani, "mkubwa wenu ni wa ukoo wetu, kwa hiyo na nyumba yenu tukae na funguo sisi."

Kinachonitia hofu ni siku Wabudha wakishinda halafu waanze kusafisha, waondoe lingamu, lile jiwe la kumwabudu Shiva, waondoe kila chenye alama ya Uhindu, warudishe "asili". Asili ipi? Miaka ya 1880 Waingereza chini ya Alexander Cunningham, mtaalamu wao wa mambo ya kale, walilikarabati sana hekalu hili, na hata mti wa zamani ulianguka 1876, huu wa sasa ulipandwa baadaye. UNESCO waliliandikisha urithi wa dunia 2002 likiwa na tabaka zake zote hizo.

Kwangu mimi Wabudha wapewe kamati, wawe wengi kabisa, na sheria hiyo hiyo iandike kwamba ibada za Wahindu zinaendelea na hakuna jiwe linaloondolewa kabla wataalamu wa mambo ya kale hawajakubali.