Chura wa Kihansi, udongo wa Owino Uhuru: nani alipima, na alipima nini?

Mtoto wa chura wa Kihansi anapozaliwa anaweza kukaa juu ya ukucha wako na nafasi ikabaki. Nasema anapozaliwa, kwa kuwa chura huyu hatagi mayai majini. Anazaa watoto walio hai. Duniani kote makazi yake yalikuwa mamoja tu: majani yanayololoweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, ekari chache basi. Watafiti walimkuta Desemba 1996. Ujenzi wa bwawa la umeme juu ya maporomoko hayo ulikuwa umeshaanza.

Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji yakaingia kwenye handaki na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakasafirishwa hadi Bronx Zoo, New York. Kule bondeni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuigiza maporomoko, na kwa muda vyura waliobaki wakaongezeka. Mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Wengi wanaikumbuka Kihansi kama hadithi ya fedha nyingi kutumika kwa ajili ya vyura. Kwangu mimi ni hadithi ya tathmini, yaani kazi ya wale wataalamu wanaokaa kati ya mradi na kibali, wanaoulizwa: hiki kitu kitadhuru nini, na kwa kiasi gani?

Kazi yenyewe ina ngazi zake. Kwanza wanatafuta kama kitu kina uwezo wa kudhuru. Kisha wanatazama dozi: kidogo hiki kinafanya nini, kikiongezeka inakuwaje. Halafu wanauliza nani kinamfikia, kwa njia ipi, kwa muda gani. Mwisho wanaunganisha yote na kutoa kauli ya hatari. Matokeo ya maabara yakitokana na panya, kiwango kinachoonekana hakikuwadhuru hugawanywa, mara nyingi kwa 100: mara kumi kwa kuwa mtu si panya, mara kumi tena kwa kuwa watu hawafanani. Ni utaratibu wa busara. Bila huo, kibali kingetolewa kwa hisia au kwa ukubwa wa sauti ya mwombaji.

Anayewatetea wataalamu wa Kihansi ana hoja, na nzito. Hakuna anayeweza kupima athari kwa kiumbe ambacho sayansi haijakijua. Miaka ile Tanzania ilikuwa kwenye mgawo wa umeme. Ukame ukiingia, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yalikuwa hayatoshi. Umeme nao ni afya: friji ya chanjo, taa ya chumba cha kujifungulia. Mradi ukisubiri hadi kila mdudu wa bonde ajulikane, hautajengwa kamwe, na gharama ya kusubiri italipwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye ripoti yoyote. Nimeshasikia watu wa mazingira wakiipuuza hoja hii. Wanakosea.

Upande wa pili unajibu hivi: chura hakujulikana kwa sababu bonde halikuchunguzwa ipasavyo kabla ya ujenzi. Korongo lile ni gumu kufikika, na macho yalikuwa kwenye bwawa na mitambo. Aliyeingia kutafuta alimkuta. Hapo ndipo ninapoona kosa linalojirudia katika ripoti nyingi: "hatukuona athari" inasomwa kama "hakuna athari", wakati sentensi ya kwanza inategemea kabisa mtu alisimama wapi na alitazama nini.

Twende Mombasa. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Mikindani. Ukutani kwake palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi ulishuka kwenye mabati, maji machafu yakapita kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini, akaanza harakati zilizofikia kufungwa kwa kiwanda mwaka 2014.

Huku hakuna anayeweza kusema sayansi ilikuwa gizani. Sumu ya risasi inajulikana tangu enzi na enzi. Ngazi ya kwanza na ya pili za tathmini zilishapandwa na wengine zamani. Iliyobaki ni ya tatu: nani inamfikia. Fikiria mtoto wa miaka miwili pale mtaani. Anatambaa kwenye vumbi, anatia mkono mdomoni, anakula embe lililoanguka chini. Mwili wake unafyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Kipimo cha bomba la moshi hakiwezi kumwona mtoto huyu. Wastani wa mtaa mzima nao unamficha, kwa kuwa unamchanganya na baba anayeshinda bandarini.

Ipo pia habari ya kiwango chenyewe. Marekani, katika miaka ya 1960, damu ya mtoto ilihesabiwa kuwa na risasi ya kutia wasiwasi ikifika maikrogramu 60 kwa desilita. Mwaka 1991 ikawa 10, mwaka 2012 ikawa 5, mwaka 2021 ikawa 3.5. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wapo wanaoitumia historia hii kusema wataalamu hawaaminiki. Nadhani inasema kinyume: waliendelea kupima na wakakubali kujisahihisha. Lakini kwa mtoto wa 1965 aliyekuwa na 40, ambaye mama yake aliambiwa hana tatizo, marekebisho yalichelewa.

Kwa hiyo neno "hatuna uhakika" lina sura mbili, na haki inadai tuzitenganishe. Kihansi, mwanzoni, ilikuwa kutojua. Owino Uhuru ilikuwa kutopima kinachojulikana. La kwanza naweza kulisamehe, ilimradi mradi uliojengwa uendelee kuchunguzwa na uwe tayari kubadilishwa. La pili silioni likisameheka.

Hata kuchunguza kuna hatari yake, na hili linanizuia kusema kwa jazba. Vyura walioporomoka mwaka 2003 walikutwa na kuvu wanaoua vyura sehemu nyingi duniani, na upo uwezekano kwamba kuvu hao waliletwa na viatu au vifaa vya watu waliokwenda kuwasaidia. Wengine walivishuku viuatilifu vya mashamba ya juu, vilivyoshuka na tope bwawa lilipofunguliwa. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ni kipi kiliua zaidi. Mwaka 2012 vyura waliozaliwa kwenye bustani za wanyama walirudishwa bondeni, chini ya mabomba yaleyale.

Tanzania ilipata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, yenye kanuni ya tahadhari na tathmini ya lazima kwa miradi mikubwa. Ni hatua kubwa. Ninachokitaka zaidi ni vipimo vya baada ya kibali, vibandikwe ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, ambapo mama wa mtoto anayetambaa anaweza kuvisoma.

Huko Mombasa, Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na sehemu kubwa kuliko zote ya lawama ikaiangukia NEMA, mamlaka ya mazingira yenyewe. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hukumu ya 2020 iliagiza pia udongo usafishwe. Siku koleo la kwanza litakapochota udongo ule, mtaalamu fulani wa serikali atalazimika kuandika namba: ukibaki na risasi kiasi gani, mtoto aruhusiwe kutambaa tena.