Nimelipa kiingilio kuangalia nguzo

Jamani likizo iishe tu nirudi zangu kazini nipumzike. Siku ya mwisho Unguja, boti ya mchana, hela imebaki ya nauli na chenji ya maji ya kunywa, plani yangu ilikuwa nilale weee halafu nikakae Forodhani niangalie vijana wanavyojirusha baharini, burudani ya bure kabisa. Mama Neema akasema haondoki mtu hapa bila kuona jumba la Sultani. Nikamwambia majumba si tunayo nyumbani, Ikulu ya Chamwino ile pale, mpya, imezinduliwa Mei 2023, hata Jumapili twende. Akaniuliza, "Baba Neema, ukifika getini utasema wewe nani?" Nikavaa viatu.

Tukapanda daladala ya Bububu tukashuka Maruhubi, mimi nimechomekea kabisa si naenda kwa mfalme bwana, nikalipa, nikaingia, nikamuuliza kijana anayetembeza wageni jumba liko wapi. "Ndo hili hapa." Nguzo! Yaani minguzo minene ya mawe imejipanga pale kama abiria waliokosa gari, juu hamna kitu, hata bati moja. Kumbe Sultani Barghash alilijenga likaisha 1882, likaja kuungua 1899, mbao zote kwisha, ikabaki hiyo minguzo iliyokuwa imebeba baraza la juu, na hamamu. Sasa si mngeniambia kabla sijalipa?

Kijana akaendelea, hana habari, eti Sultani inasemekana aliweka masuria 99 humu ndani. Mimi kimya. Wenye ndoa mnajua, hapo ukicheka umekwisha na ukishtuka pia umekwisha. Mama Neema akanipandisha akanishusha, "Tisini na tisa wote walikuwa wanakula wanashiba, mimi niko mmoja naachiwa elfu tano ya mboga." Kijana wa watu akainama anakagua kandambili zake. Si nilisema tulale?

Ila hamamuni ndo nilichoka. Wenzetu walikuwa na vyumba vya kuogea, mfereji wa kuleta maji, na mabwawa ya kujifurahisha tu, na huyohuyo Barghash ndo alivuta maji ya bomba mpaka mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, miaka ya 1880 hiyo! Mimi leo hii nakaa makao makuu ya nchi, naoga kwa ratiba ya mgao, madumu yamejaa mpaka sebuleni, mgeni akija tunamsogezea dumu akalie.

Nikiwa humohumo hamamuni simu ikalia tii, meseji ya jirani: "Jirani maji yametoka tangu alfajiri, presha hatari, mko wapi??" Niko kwa Sultani! Nikampigia nikamwambia ruka ukuta ukinge hata pipa moja, akasema mbwa wako je. Kweli, mbwa yupo. Na mpira wa maji uko stoo, na funguo za stoo ninazo mimi mfukoni, Maruhubi, naangalia bafu la marehemu halina hata tone.

Hapo mtu anarudi bandarini na hasira zake, mama Neema anasimama ananunua ubuyu. Ubuyu! Mtu wa Dodoma! Mibuyu kwetu imejaa mpaka tunaegesha pikipiki chini yake, huyu anatoa hela ya mwisho kununua ubuyu aliovuka bahari, eti huu umetiwa rangi na iliki. Nikasema mimi sili, nimegoma. Kwenye treni akalala, nikaonja kamoja, hamadi pakiti imeisha, nimeshuka Dodoma usiku mdomo mwekundu ushahidi wote usoni, nafungua bomba nisukutue kabla hajawasha taa, bomba linanipulizia upepo.